Ramani ya Reli na Deni la Msafiri

Ndugu walimu wenzetu, tumeona vyema kulileta mbele yenu suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana dogo mno kwa jarida la watu wanaofundisha lugha. Suala lenyewe lahusu vile vijitabu na ramani wanavyopewa watu wanaokwenda kutazama makumbusho ya reli, au wanaopanda garimoshi kwa ajili ya kuona mandhari tu. Twauliza: je, mtu anayetunga mwongozo wa namna hiyo ana wajibu wowote kwa watu walioijenga njia anayoisifu? Au kazi yake huwa imekwisha pale anapomfikisha mgeni salama, akamwonyesha dirisha la kukalia na saa ya kuteremka?

Swali hili hatukulizua vitabuni. Tuliulizwa na mwanafunzi wetu mbele ya wenzake, nasi tukalijibu vibaya.

Sisi twafundisha Tororo, mashariki ya Uganda, mji ambao reli itokayo Mombasa hupitia mara iingiapo nchini, kisha ikagawanyika, njia moja ikishika upande wa Jinja na Kampala, na nyingine ikielekea kaskazini. Watoto wetu wamekua wakiisikia honi ya garimoshi usiku. Kwa hiyo mwaka jana tuliona inafaa kuwapeleka Nairobi wakayaone Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 na lililokuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kabla ya safari tuliketi katika chumba cha walimu, tukatunga karatasi yetu wenyewe ya mwongozo, kurasa nne, pamoja na ramani tuliyoichora kwa mkono na kuipigia rangi. Tulijivunia kazi ile. Tuliitia bahari ya Mombasa na meli zake. Tukaitia Tsavo na tembo wake wekundu kwa vumbi. Tukaitia miteremko ya Bonde la Ufa, mstari wa ikweta, na kilele cha Timboroa ambako reli hupita juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Mwisho wa ramani tukaweka daraja la Jinja, lililovusha reli juu ya Mto Nile mwaka 1931. Kila mahali palipopendeza palikuwa na alama yake, na kando ya alama maneno machache ya kumtamanisha msomaji.

Huko Nairobi wanafunzi walifurahi kupita kiasi, na sisi pamoja nao. Asiyewahi kusimama chini ya injini kama Mount Gelai, nambari 5918, hawezi kufahamishwa kwa maneno. Ni mojawapo ya injini 34 za mvuke zilizotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zenye uzito wa zaidi ya tani 250 kila moja, na katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda kwa nguvu popote duniani. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tukaitazama, tukazigusa gurudumu zake, tukapanda hadi alipokuwa akisimama dereva. Baadaye tukaonyeshwa behewa la mbao ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alikamatwa na simba usiku mmoja wa Juni 1900 pale Kima, alipokuwa amemvizia simba huyo huyo na usingizi ukampitia. Wanafunzi walichungulia ndani kwa hofu na kicheko.

Hapo ndipo kijana mmoja, mwenye tabia ya kusema kidogo, alipotusogelea akiwa ameishika ramani yetu. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Huyu afisa mmoja tumeonyeshwa hata behewa alimolala. Wale waliotandika reli yenyewe, ramani yetu inawaonyesha wapi?"

Tulimjibu: "Mwanangu, hii ni ramani ya safari. Si kitabu cha historia."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, akarudi nyuma kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyotuumiza, maana tulijua ya kuwa tumemnyamazisha kwa cheo chetu wala si kwa hoja. Tangu siku ile tumekuwa tukilipima jibu letu, na leo twaomba radhi ya kulipima mbele ya kadamnasi.

Kwanza tuyakumbuke yaliyotokea. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na mwezi Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa ziwa, pale Kisumu, baada ya kilomita zipatazo 930. Kwa kazi hiyo serikali ya Kiingereza iliwaleta kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000 kwa mikataba. Katika hao, wapatao 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa makwao wakiwa wagonjwa au vilema. Pamoja nao walifanya kazi Waafrika wengi, waliofyeka msitu, waliochimba udongo, waliobeba maji na vyakula katika nchi kavu ya Taru. Gharama ya fedha, iliyopita pauni milioni tano, ilibishaniwa sana katika bunge la Uingereza. Hayo yote tuliyajua. Wengine wetu tumeyafundisha. Lakini tulipoketi kuchora ramani ya kupendeza, kalamu zetu ziliyaruka bila hata mmoja wetu kushtuka.

Je, tulikosa? Mtetezi wetu aweza kusimama na hoja tatu, na kila moja yastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna ramani isiyoacha kitu. Ramani ingekusanya kila jambo la nchi ingekuwa kubwa kama nchi yenyewe, na isingemfaa mtu yeyote. Mfano mashuhuri ni ramani ya reli za chini ya ardhi za London, iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa kwa abiria mwaka 1933. Beck aliziondoa barabara zote za juu. Aliinyoosha mistari iliyopinda, akavisogeza vituo vya mbali viwe karibu na kuvitanua vya karibu, kwa kuwa abiria aliye chini ya ardhi hahitaji kujua umbali. Ahitaji kujua ashuke wapi na abadili garimoshi gani. Kwa kipimo cha mpimaji ardhi, ramani hiyo haikuwa sahihi. Hata hivyo abiria waliipokea kwa furaha, na miji mingi duniani imeiga mtindo wake. Kama Beck hakumdhulumu mtu kwa kuacha, mbona sisi tushtakiwe?

Hoja hii ina nguvu, nasi twaikubali nusu yake. Kuacha si dhambi. Lakini kuna kuacha kwa namna mbili. Beck aliacha yale ambayo yangemzuia msafiri kufika aendako. Sisi tuliacha yale ambayo yangemwezesha msafiri kujua amefika wapi. Abiria wa London akishashuka kituoni, hupanda ngazi na kuyakuta mambo yote yaliyoachwa na ramani: barabara, maduka, umbali wenyewe. Ramani haikumficha chochote ambacho macho yake yasingemrudishia. Lakini mgeni anayepita Tsavo leo hawezi kumwona dirishani mtu aliyekufa kwa homa mwaka 1898. Tembo atawaona bila msaada wetu, na mlima vilevile. Kitu pekee asichoweza kukiona bila kuambiwa ndicho tulichokiacha. Basi twaona kwamba kipimo cha haki ya mchoraji si wingi wa alivyoviacha. Kipimo ni kama alichokiacha kina njia nyingine ya kumfikia msafiri au hakina.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mwongozo ukizoea kuacha watu, hatimaye huwageuza watu kuwa sehemu ya mandhari. Reli yetu ilianza mapema sana kutazamwa kama garimoshi la kuburudisha macho. Winston Churchill aliipanda mwaka 1907, na Theodore Roosevelt mwaka 1909, na wote wawili walipenda kuketi juu ya ubao uliofungwa mbele kabisa ya injini ili wasizuiwe na kitu katika kutazama. Kila mmoja alitunga kitabu, cha kwanza kikatoka mwaka 1908 na cha pili mwaka 1910, na vitabu hivyo viliwafundisha wageni wengi jinsi ya kuitazama nchi hii. Roosevelt aliifananisha safari ile na kupita katika enzi za kale kabla ya historia. Twaelewa alivyovutiwa na makundi ya wanyama. Lakini tujiulize: mtu aliyesimama kando ya reli siku ile, na jembe lake begani, alikuwa katika enzi gani? Alikuwa katika mwaka 1909, sawasawa na mgeni aliyempita kwa kasi. Huenda yeye mwenyewe, au ndugu yake, ndiye aliyelichimba tuta lililombeba mgeni.

Uteuzi wa maneno nao una hukumu ndani yake, na jambo hili latuhusu sana sisi wa lugha. Wanandi waliupinga utawala wa Waingereza kwa miaka mingi, na mara kwa mara walizitwaa nyaya za simu na misumari ya reli iliyopitishwa karibu na nchi yao. Mwongozo mmoja waweza kuandika kwamba hapo wajenzi walisumbuliwa na wezi wa vyuma. Mwingine waweza kuandika kwamba hapo watu waliitetea ardhi yao hadi Oktoba 19, 1905, siku ambayo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi na kuuawa alipokuja kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Kituo ni kile kile, na alama katika ramani ni ile ile. Lakini msafiri wa kwanza atashuka akiwa hakimu, na wa pili atashuka akiwa mgeni katika nchi ya watu. Mwandishi wa mwongozo asiseme, "Mimi naonyesha njia tu." Amekwisha kuonyesha na jinsi ya kuwatazama wenyeji wake.

Hoja ya pili ya mtetezi wetu ni ya huruma. Husema: mtu anayepanda garimoshi la mandhari amechoka na kazi. Ametoa fedha yake ili apumzike, acheke na watoto wake. Je, kila furaha lazima ilipiwe kwa kilio? Mtu akila wali, hudaiwa kumlilia mkulima?

Hoja hii hatuidharau, maana hatupendi wema wa kununa. Wanafunzi wetu walicheka mbele ya Mount Gelai, nasi hatukuona kosa katika kicheko hicho. Aidha, mwongozo unaoorodhesha vifo kila baada ya kilomita kumi ungemchosha msomaji, na mtu aliyechoshwa na huzuni hujifunza kutosikia. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Tukizigawanya roho 2,500 kwa kilomita 930, twapata zaidi ya mbili kwa kila kilomita moja, na hao ni wale waliotoka Bara Hindi peke yao. Garimoshi likienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hupita kilomita moja kila dakika. Basi kwa kila dakika ambayo msafiri huitumia kutazama dirishani, amekwisha kupita mahali pa watu wawili na zaidi. Hatusemi alie kila dakika. Twasema tu kwamba mtu huyo, katika safari ya saa nyingi, aweza kuombwa dakika moja. Wala furaha haiharibiwi na kujua. Mtu akijua kwamba shuka alilojifunika lilifumwa na mama yake katika usiku wa ugonjwa, halimpi joto pungufu.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Husema: deni kwa wafu halilipiki. Waliokufa hawatafufuka kwa kuandikwa katika karatasi ya wanafunzi wa Tororo. Tena waliowaleta na kuwatumikisha hawakuwa sisi. Reli ilijengwa kwa maslahi ya dola ya kigeni. Kwa nini deni la dola liangukie mwalimu?

Ni kweli kwamba hatukuwaleta. Lakini faida tumeila. Njia ile ndiyo iliyobeba pamba na kahawa ya wazee wetu, ndiyo iliyowasafirisha vijana kwenda shule za mbali, na hata lugha tunayoifundisha ilizidi kuenea bara kwa kupitia stesheni, karakana na nyumba za wafanyakazi wa reli, mahali ambapo Mjaluo, Mganda, Mkamba na Mpunjabi walilazimika kuelewana. Sisi walimu wa Kiswahili wa nchi hizi za jirani tu abiria wa njia ile hata siku tusipopanda garimoshi. Wazee walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Neno hilo halikuwa la mabaharia peke yao.

Lugha yenyewe haikuwasahau. Tuyatazame maneno mawili tu. Yale magogo yanayolazwa chini ya reli huitwa mataruma. Taruma ni neno la chomboni, jina la mti wa kukazia na kutegemeza ndani ya jahazi. Watu wa pwani walipoiona kazi mpya walilichukua neno la kazi waliyoijua, wakalilaza chini ya chuma. Neno la pili ni kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kimshuhudie wakati wa kulipwa ujira. Hatimaye jina la kikaratasi likawa jina la mtu. Fikirini, ndugu zetu: msafiri ana kikaratasi chake, tikiti, nacho humpa haki ya kuketi na kutazama, na aliyejenga naye alikuwa na kikaratasi chake, nacho kikalimeza jina lake. Makumbusho mengi huhifadhi tikiti za zamani katika vioo. Ni vyema. Lakini mwalimu anaposema "kibarua" darasani, naye ameshika kitu cha makumbusho mkononi, na aweza kukifungua.

Kwamba deni hili halilipiki lote, hilo halina ubishi. Lakini si kweli kwamba hakuna linaloweza kufanywa. Katika reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya miaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, walikufa mafundi na wafanyakazi wa Kichina pamoja na Watanzania na Wazambia. Pale Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, pana makaburi ya Wachina hao, yenye mawe na majina, na wageni hufika kuweka maua. Twaitaja Tazara kwa sababu inaonyesha kwamba jambo hili lawezekana: dola ikitaka kuwakumbuka wajenzi wake, huwakumbuka kwa majina. Na kwa upande wa pili, wenzetu wa Kongo waikumbuke njia ya kutoka Matadi kwenda mji uitwao leo Kinshasa, iliyojengwa kati ya miaka 1890 na 1898. Taarifa za serikali ya wakati huo zenyewe zilikiri vifo vya Wazungu 132 na vya watu weusi 1,800. Tarakimu zote mbili ziliandikwa na mkono mmoja. Mtu husoma ya kwanza akadhani nyuma yake kuna majina, akasoma ya pili akadhani nyuma yake kuna idadi tu.

Sasa twafikia jambo ambalo tulipaswa kulijua kabla ya kuchora ramani yetu, maana limekuwako njiani muda wote. Wasafiri wa njia ya Mombasa wana mwongozo wa kale zaidi kuliko vijitabu, nao haukuandikwa. Pale Mackinnon Road, kando kabisa ya reli, pana msikiti uliojengwa penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyekuja kufanya kazi ya reli. Husimuliwa kwamba alipokuwa akibeba udongo, karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake pasipo kumgusa. Atakayeamini na aamini. Sisi twatazama jambo moja tu: madereva na abiria wa dini na makabila mbalimbali wamezoea kusimama pale, wakaomba dua, wakatoa sadaka, kisha wakaendelea na safari. Mbele zaidi, pale Makindu, pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli. Mpaka leo msafiri yeyote akifika pale hupewa chakula na mahali pa kupumzika, bila kuulizwa dini wala kudaiwa bei.

Basi tuone ajabu hii. Simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka 1898 wanajulikana duniani kote. Wako Chicago, ndani ya makumbusho, na watu huenda kuwatazama. Waliowaliwa na simba hao hawakupewa chumba katika makumbusho yoyote ya namna hiyo. Lakini mbeba karai mmoja amepewa kituo cha kudumu na watu wasiojuana, na kundi la mafundi wa reli limeacha jiko lisilozimwa. Watu wa kawaida walikwisha kulijibu swali la mwanafunzi wetu kabla hajazaliwa. Hawakutunga kitabu cha maombolezo. Walifanya jambo dogo: walisimama.

Kutokana na hayo twathubutu kutoa rai yetu. Mwandishi wa mwongozo hana deni la kusema yote. Ana deni la kumsimamisha msafiri mahali ambapo, bila yeye, angepapita. Kwa hiyo mwongozo wa haki wa reli au wa makumbusho ya reli utakuwa na mambo matatu yasiyochukua hata nusu ukurasa. La kwanza ni hesabu ya watu, ikitajwa wazi kama inavyotajwa hesabu ya tani za injini na urefu wa madaraja. La pili ni jina, hata liwe moja, la mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake, lisimame karibu na majina ya wahandisi na maafisa. La tatu ni mahali: alama katika ramani, yenye maana kwamba hapa simama. Msafiri akikataa kusimama, hiari ni yake. Lakini asije akasema hakuonyeshwa.

Tuliporudi Tororo tuliikusanya ile karatasi yetu, tukamwita yule kijana, tukamwambia mbele ya darasa kwamba swali lake lilikuwa la haki na jibu letu halikuwa la haki. Aliona haya, akainamisha kichwa. Kisha tukampa kalamu. Ramani mpya imechorwa na wanafunzi wenyewe. Tembo wamo, Timboroa imo, daraja la Jinja limo. Hatukuondoa furaha hata moja. Wameongeza Mackinnon Road na Makindu, na kando ya njia yote wameandika hesabu kwa rangi nyekundu. Pembeni wameacha safu yenye kichwa "Waliojenga", na katika safu hiyo kila stesheni ina mstari wake. Mistari mingi ni mitupu. Mwenzetu mmoja alishauri safu ile ifutwe kwa kuwa inaifanya kazi ionekane haikukamilika. Wanafunzi walikataa, na safari hii tuliwasikiliza.

Twawaomba walimu wenzetu mnaofundisha karibu na reli, iwe Kasese au Gulu, Kigoma au Kisumu, Kalemie au Lubumbashi, muwatume wanafunzi kwa wazee wa stesheni zenu wakaulize majina: nani alilaza mataruma hapa, nani alichochea moto wa injini, nani alizikwa kando ya tuta. Wayaandike kwa Kiswahili safi, pamoja na mahali na mwaka, nasi tutayapokea kwa shukrani na kuyatia katika safu ile, mstari kwa mstari.